Redio ya Kijani Kule Buyangu

Buyangu,
6 Aprili 1964

Mwihwa wangu Cleophas, mtoto wa dada yangu,

Mulembe, amani kwako. Kama kuna mtu mmoja katika wilaya hii nzima anayezijua redio za kuitana, ni mimi niliye mbele ya karatasi hii. Kule Burma jenerali mwenyewe aliniita kwa redio, akaniuliza, "Patroba, tuvuke huu mto au tusivuke?" Nikamjibu, "Bwana mkubwa, ngoja mvua ipite." Akangoja. Vita vikaenda vizuri kuanzia siku hiyo.

Selpher mke wangu amepita nyuma yangu na chungu cha mboga, nikamsomea hapo nilipofika, akacheka mpaka akakiweka chungu chini. Basi ngoja niseme vizuri, maana wewe ni mtu wa ofisi na unaweza kuitia barua hii kwenye faili. Jenerali sikumwona hata kisogo. Aliyeongea kwa redio alikuwa koplo wetu. Mimi nilibeba betri. Miaka miwili, mgongoni, kama mama na mtoto, ila mtoto huyu alinivujia tindikali begani na alama ninayo mpaka leo. Kitufe cha kuongelea nilikatazwa hata kukipangusa vumbi. Lakini hapa Buyangu wananiita Sajini wa Redio tangu nirudi, na kanisani nina kiti cha mbele kwa ajili hiyo. Nakuomba uyaache yakae hivyo. Heshima yangu yote imesimama juu ya mabega ya koplo yule.

Umeniuliza kamati yenu inunue redio ipi kwa ajili ya magari ya wagonjwa na zahanati. Kwanza msimwamini muuzaji. Muuzaji wa redio ni kama mshenga, kwake kila bibi arusi ana meno yote. Mwulizeni: mvua ikinyesha itasema? Kukiwa na kilima katikati itasema? Na betri, Cleophas, betri! Watu hutazama vitufe vinavyong'aa wakasahau kwamba kinachoongea ni betri. Mgongo wangu haujasahau.

Halafu msiiache zahanati yetu. Unajua kwa nini. Nabwire, mke wa mwanangu, ni mjamzito tena, na mkunga Jescah anasema ni mwisho wa Juni. Mwaka jana tulituma mtu kwa baiskeli maili kumi na tatu za matope hadi Kakamega, akafika akaambiwa gari limekwenda Khayega. Yaliyofuata unayajua, ulikuja mazishini. Mwanangu yuko Lugari anang'oa visiki kwenye shamba alilogawiwa, na mke ameniachia mimi nimtunze.

Leteni hiyo redio kwangu niijaribu.

Mjomba wako,
Patroba Mukhwana
(Sajini, kwa wasiojua)


Kakamega,
11 Aprili 1964

Mjomba mpendwa,

Mulembe, na salamu kwa mama Selpher. Barua yako sikuitia kwenye faili. Mildred, karani wetu wa simu, aliisoma kabla yangu, lakini ameapa hatasema.

Mambo yamekuwa hivi. Muuzaji ametuachia redio za aina mbili mpaka mwisho wa Juni, kila aina mbili mbili, moja ya ofisini na moja ya kupeleka nje. Ya kijivu ni ndogo, inapendeza machoni, antena yake ni fimbo fupi, na sauti yake ni safi utadhani mtu yuko chumba cha pili. Ya kijani ni nzito kama jiwe la kusagia, inataka waya mrefu ufungwe juu ya miti, na sauti yake inachemka kama mafuta ya kukaangia. Wanakamati karibu wote waliipenda ya kijivu kabla haijawashwa. Mwenyekiti aliipapasa kama ndama.

Nimewaomba tujaribu kwanza. Ya kijivu itakwenda Lurambi kwa Onesmus, karani wa soko. Ya kijani inakuja kwako, kwa sababu nyumba yako inatazamana na zahanati, na kwa sababu nimewaambia ulikuwa na redio Burma. Sikudanganya. Ulikuwa nayo, mgongoni.

Naomba ushike masharti. Utatuita mara tatu kwa siku: saa tatu, saa saba na saa kumi. Sema maneno machache, achia kitufe, sikiliza. Nje ya saa hizo Mildred atakuwa ameizima ya ofisini. Muuzaji anasema betri ikitumiwa hivyo itakaa siku sita. Hilo ndilo kamati inataka kulijua hasa, kwa sababu huko kwenu hakuna umeme wa kuichaji, lazima ipande basi kuja mjini. Redio ambayo betri yake haifiki siku sita haitanunuliwa. Andika kila kitu katika daftari nililotuma.

Mjomba, huu si mchezo. Tukishachagua tutakaa na chaguo hilo miaka mingi. Nisalimie Nabwire.

Mwihwa wako,
Cleophas


Buyangu,
25 Aprili 1964

Mwihwa wangu,

Mashine yenu ilikufa siku ya pili kabla ya saa kumi. Nimeipeleka kwa basi, imekaa kiti cha mbele kuliko abiria waliolipa.

Ilipoanza ilianza vizuri, sikatai. Jumatatu saa tatu nilimwita Mildred, akaitika, sauti yake ikawa kama ya mtu anayekaanga samaki huku akiimba, lakini kila neno nilisikia. Saa saba mvua ilikuwa inapiga mabati, bado nikamsikia. Tulifunga waya kutoka paa langu mpaka mkaratusi wa zahanati. Jumanne saa saba sauti ikapungua kama mzee anayepanda kilima, na saa kumi nilibonyeza nikapata kimya.

Basi ndivyo ilivyo. Ni mlafi, imekula chakula cha siku sita kwa siku mbili. Mwanadamu atafanyaje? Daftari nimetuma, lina kurasa mbili, nyingine zililowa.

Huku hatujambo. Watu wa mlimani wote walikuja kuiona, wakafurahi sana, nami nimeheshimiwa kuliko mwaka wote uliopita. Selpher anakaanga mayai asubuhi, mchana mayai, jioni anasonga obusuma, tena kwa mayai. Nabwire ananenepa, anatembea kama mwenyekiti wa kamati yenu.

Nichagulieni nyingine isiyo na tumbo kubwa namna hiyo.

Mjomba wako,
Patroba


Kakamega,
2 Mei 1964

Mjomba,

Nimepokea redio, daftari na maelezo yako.

Ya kijivu imekaa Lurambi siku tisa kwa betri moja. Siku tisa! Onesmus ameleta daftari safi, mistari imepigwa kwa rula. Wanakamati wamekwisha kuoana nayo moyoni. Watakaa Ijumaa tarehe 15 Mei kuthibitisha, nami kama katibu nitaandika na kutia sahihi.

Lakini sikiliza. Wiki iliyopita nilimwomba Kibiwott, dereva wa gari la wagonjwa, aichukue ya kijivu garini akienda upande wenu. Mpaka daraja la pili alisikika vizuri. Alipoingia msituni sauti ikakatika kama uzi, na kuanzia hapo hadi kwenu hakusikia kitu wala sisi hatukumsikia. Ile fimbo fupi inataka kuonana na mwenzake wa ofisini. Kilima kikisimama katikati, basi.

Nilipowaeleza, mwenyekiti alisema, "Basi Buyangu itoke kwenye orodha. Kituo kisichofikika kitaendelea na baiskeli mpaka siku nyingine." Phineas, mjumbe wenu mwenyewe wa Buyangu, alitikisa kichwa kukubali tu. Ya kijani ndiyo ingewafikia, lakini ni nani atanunua redio ya kufa siku ya pili, mahali ambapo basi linapita mara mbili kwa wiki?

Muuzaji ameapa kwa watoto wake kwamba betri ile ni nzima. Nimeichaji na kuipima mimi mwenyewe, imejaa vizuri na haipungui. Sielewi. Mjomba, kuna kitu chochote ulichosahau kuandika?

Cleophas


Zahanati ya Buyangu,
6 Mei 1964

Kwa Bwana Katibu, Kamati ya Magari ya Wagonjwa,

Bwana,

Mimi ni Jescah, mkunga wa zahanati hii. Nimesikia kwa Bwana Phineas kwamba tumetolewa kwenye orodha ya redio. Naandika kwa heshima kuomba mtufikirie tena.

Kwa miezi kumi na miwili nimekuwa na kina mama saba waliohitaji gari. Wawili walilipata kwa wakati. Sitaki kukuandikia habari za wale watano.

Sasa nina mmoja ambaye namwogopea, naye unamjua, ni Nabwire. Nimempima jana. Mtoto amelala kwa upana tumboni, kichwa ubavuni. Anaweza kugeuka bado, kuna wiki saba. Asipogeuka, hawezi kuzaliwa hapa kwangu, atahitaji kisu cha daktari, na atahitaji kufika kabla ya saa nne au tano kupita. Baiskeli peke yake inakula saa mbili wakati wa mvua, hata kama gari lipo.

Nimemshauri aende kukaa mjini mapema lakini hana mtu wa kukaa naye, na hospitali haimlazi mwenye afya.

Kuhusu redio ya kijani kufa mapema, mimi sikuwa mwangalizi wake, kwa hiyo sina la kusema.

Wako mtiifu,
Jescah


Buyangu,
8 Mei 1964

Cleophas,

Leo siandiki salamu. Utaelewa ukifika chini.

Umeniuliza kama kuna nilichosahau. Sikusahau. Jescah amekuandikia kwamba hana la kusema. Analo, ila ni mwanamke mwenye adabu na anajua kwamba kumwaibisha mzee ni kazi ya mzee mwenyewe.

Redio ilipofika Jumapili watu walijaa uani kama kuna mahari inaletwa. Nikawaambia, hii inaongea na Kakamega. Bibi mmoja akauliza, "Na kaka yangu wa Kakamega, itamsalimu?" Mimi badala ya kusema hapana, nikatazama kiti changu cha kanisani kwa macho ya moyo, nikasema, "Sajini anashindwa na nini?"

Akanipa yai. Sikuomba, Cleophas, aliliweka mwenyewe mkononi. Aliyefuata akaona kumbe ndiyo desturi.

Sasa wewe umekaa mjini, pengine umesahau salamu za kwetu. Huwezi kumsalimu mtu mmoja. Ukimsalimu kaka lazima umsalimu na mke wake, asije akasema amerukwa. Na watoto kwa majina. Na ng'ombe, hasa yule aliyekuwa mgonjwa. Halafu useme na wewe hujambo, na mume hajambo, isipokuwa mguu. Halafu habari za mguu. Kila mmoja nilimshikia kitufe chini tangu mulembe ya kwanza hadi ya mwisho. Nilihesabu salamu moja ikavuka robo saa. Na walikuwa arobaini, tangu Jumatatu asubuhi mpaka Jumanne. Jescah naye alikuja, akamsalimia mama mkwe wake aliye Khayega, dakika kumi, na wala hawapendani.

Na ofisini kwenu redio ilikuwa imezimwa. Nilijua. Uliniandikia. Walikuwa wanasalimia meza tupu.

Unafikiri sikujua kwamba kitufe kikibonyezwa ndipo betri inapoliwa? Nilibeba kitu kile miaka miwili. Koplo wetu alikuwa akiongea sana, mimi ndiye niliyerudi maili sita msituni kuchukua nyingine. Hakuna mtu Buyangu anayejua hilo kuliko mimi. Nilijua, nikasema, ah, itatosha. Halafu ilipokufa nikasema ni mlafi, kumbe mlafi ana ndevu na anakula mayai.

La mwisho ni Navalayo, yule mjane wa kando ya mto. Mwanawe Chrispinus alikwenda mjini kupasua mbao, mwaka na nusu hajatuma neno. Navalayo alikuja na yai lake limefungwa kwenye kitambaa. Alishika kile chombo cha kuongelea kwa mikono miwili, akasema, "Chrispinus, ni mama. Sikukasirika. Paa nimelitengeneza. Njoo tu." Akangoja. Mimi nilipaswa kuachia kitufe, hata kuachia nilisahau. Akaniangalia. "Amesema nini?"

Nikasema, "Amekusikia, mama."

Alikwenda nyumbani amenyooka kama msichana. Yai lake sikulila. Liko kwenye kikapu mpaka sasa, na Selpher haelewi kwa nini namkataza.

Mtoto wa Nabwire wa mwaka jana, mimi ndiye niliyemchimbia. Lilikuwa shimo fupi kama la kupandia mgomba. Nilijiambia, redio ikija sitachimba tena. Halafu redio ikaja nikaifanyia hivyo.

Basi fanya hivi. Ijumaa wasomee barua hii yote, usiruke kitu, hata mahali pa betri na koplo. Ukiruka hapo hawataamini kwamba nilijua nilichokuwa nikifanya. Phineas atakuwepo, amekitamani kiti changu tangu mwaka wa hamsini na mbili, kwa hiyo habari itafika Buyangu kabla ya basi. Na ifike.

Redio ya kijani ni nzima. Inasikika kwenye mvua, inasikika nyuma ya msitu. Ijaribuni tena, lakini asikae nayo mpumbavu.

Patroba


Kakamega,
17 Mei 1964

Mjomba mpendwa,

Niliisoma yote. Mara mbili nilitaka kuruka, nikaona mwandiko wako umekandamiza karatasi mpaka ukatoboa, nikaendelea.

Pale kwenye ng'ombe mgonjwa na mguu walicheka mpaka mwenyekiti akajifuta macho kwa karatasi ya muuzaji. Pale kwa Navalayo hawakucheka. Phineas alitazama dirishani. Nilipomaliza, mwenyekiti alisema, "Huyu mzee ametuharibia majaribio," na kabla sijajibu, Onesmus wa Lurambi akasimama. Alikuwa ameitwa kuleta daftari lake.

"Bwana mwenyekiti," akasema, "na mimi niseme. Ile ya kijivu sikuiwasha."

"Hukuiwasha vipi?"

"Niliiwasha siku ya kwanza, ikapiga mluzi, nikaogopa isije ikalipuka. Siku nyingine nilipanda baiskeli nikaja hapa saa tatu, nikamwambia Mildred kwa mdomo kwamba tumesikilizana, akaandika. Mistari nilipiga nyumbani."

Mildred alikuwa mlangoni na chai, akarudi nayo jikoni haraka sana.

Mjomba, tulikuwa tumebakiza sahihi yangu tu. Redio iliyoitwa mbovu ilikuwa imefanya kazi ya mwezi kwa siku mbili, na iliyoitwa nzuri ilikuwa imelala kabatini siku tisa. Tungezinunua hivyo hivyo.

Uamuzi: zote mbili zije Buyangu, wiki mbili, zikae zahanati na si nyumbani kwako. Mwangalizi ni Jescah. Redio ya ofisini haitazimwa tena mchana kutwa, maana sasa mwenyekiti anauliza ni mgonjwa gani atakayengoja saa kumi. Kuhusu nani asaidie kuziendesha, kulikuwa na maneno. Phineas ndiye aliyesema, "Mpeni yuleyule. Amekwisha aibika, hatarudia." Sijui kama ni wema au ni nini.

Kikao kingine ni Ijumaa, 19 Juni.

Mwihwa wako,
Cleophas


Buyangu,
13 Juni 1964

Mwihwa wangu,

Mulembe, fupi. Nimejifunza.

Ya kijivu tuliiwasha siku nne. Kwa Jescah mlangoni hakuna kitu. Juu ya paa hakuna kitu. Tukaipandisha kilimani mpaka juu kabisa, pale pa kuchungia, ndipo ikasema, na kwa kweli ilisema vizuri, Mildred alikuwa kama amekaa begani. Lakini mwanamke mwenye uchungu hatapandishwa kilimani ili aombe gari. Wapeni watu wa mjini, itawafaa, wanaonana wote.

Ya kijani, siku ya nane leo, betri moja, mara tatu kila siku na kusikiliza kati yake. Mchana mmoja radi ilipiga, ikakoroma vibaya, tukarudia maneno mara tatu, lakini yakafika. Andika na hilo, usiifanye malaika. Tena waya usipokazwa vizuri unashuka na ng'ombe wanautafuna.

Watu walikuja tena na mayai. Jescah alisimama mlangoni na mwiko. Wananiita Mzee Betri sasa, hata watoto wa shule ya Jumapili. Phineas amekaa kwenye kiti changu. Nimekaa nyuma, na nimegundua huko nyuma ndiko watu husinzia kwa raha. Nilipoteza miaka mingi.

Kwa Navalayo nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia kwamba Chrispinus hakusikia, kwamba hakukuwa na mtu. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimama. Akasema, "Nilijua. Mashine haikutoa sauti. Lakini nilikuwa nimeshasema." Akapepeta tena kidogo. "Sasa nirudishie yai langu." Nikamrudishia. Alilitikisa karibu na sikio, akalitupa mbali sana, akaniangalia kama Mungu anavyoangalia.

Kama unaweza kuulizia kwa wapasua mbao wa huko, uliza.

Mtoto hajageuka. Jescah anamkanda Nabwire kila siku, hajageuka.

Patroba


Kakamega,
25 Juni 1964

Mjomba,

Najua umekwisha pata habari kwa redio, lakini redio ni maneno machache na mimi nataka kuandika mengi.

Ijumaa kamati ilichagua. Ya kijani kwa Buyangu na vituo vyote vilivyo nyuma ya vilima, ya kijivu kwa magari ya mjini, na ofisini zote mbili. Mwenyekiti aliuliza kama tuandike sababu. Nikaandika: "Imejaribiwa na watu wa mahali penyewe." Nikatia sahihi.

Jumanne nilikuwa mezani kwangu, kama saa nane, mvua imeshaanza. Redio ikakoroma. Mildred akachukua kalamu, akatabasamu, kwa sababu alijua ni wewe na anapenda unavyomtania. Ukasema:

"Buyangu. Nabwire ameanza. Mtoto yuko kwa upana. Leteni gari."

Ukaachia.

Mildred alingoja. Akasema, "Mzee, mulembe?" Hukujibu. Akanigeukia, uso umebadilika, akaniambia, "Hakusalimu." Mjomba, sikuwahi kuona mtu akikimbia namna ile na viatu vya kisigino. Alimkuta Kibiwott anakula, akamnyang'anya sahani. Alimwambia neno hilohilo tu, hakusalimu, na Kibiwott akawasha gari akiwa bado anatafuna.

Dakika arobaini na tano kuja kwenu, chini ya saa moja kurudi. Daktari amesema zingepita saa mbili zaidi, angekuwa na kazi nyingine ya kufanya. Nimewaona wote wawili leo asubuhi. Nabwire ameshonwa, amechoka, ameomba uji mara mbili. Msichana ana sauti kubwa na ngumi amezikunja.

Nimempelekea mwanao simu ya maandishi huko Lugari. Chrispinus nimeulizia mahali pawili, bado.

Nilitaka kukushukuru, lakini sijui nikushukuru kwa lipi hasa, maana mengine unapaswa kuchapwa.

Mwihwa wako,
Cleophas


Buyangu,
29 Juni 1964

Mwihwa wangu Cleophas,

Mulembe wewe, mulembe mke wako, mulembe watoto kwa majina yao yote, na huyo ng'ombe uliyemwacha kwa mama yako. Hii ni karatasi, haili betri.

Kuchapwa nimekubali. Utachagua fimbo ukija.

Nilipobonyeza siku ile nilikawia kuyapanga maneno hata Jescah akaniuliza kwa kelele kutoka kitandani kwa Nabwire kama nimesahau kutumia. Nilipomaliza maneno yale nilikaa sakafuni. Nilimsikia Mildred akiniita, lakini niliona nikifungua mdomo nitalia, na kulia pia kunakula betri. Mwambie anisamehe.

Selpher ameanza kuosha nguo za mtoto ambazo hazijavaliwa. Mwanangu alifika kutoka Lugari jana na matope mpaka magotini, amelala toka alipofika. Mimi sijalala vizuri. Sina malalamiko.

Sasa kuna jambo dogo la kiofisi. Kibiwott alipokuja Jumanne, ua wa zahanati ulikuwa umejaa maji, akageuzia gari langoni kwangu kwa haraka, akaing'oa nguzo ya lango ya upande wa kulia. Sikumsemesha, hakukuwa na nafasi. Lakini ng'ombe wa Phineas wameliona pengo hilo na wanaingia kwenye mahindi yangu kama kwao. Kibiwott alitoa kichwa dirishani akasema kwa mdomo wake, "Mzee, nguzo nitairudisha." Nguzo hiyo naidai na hakuna anayebisha.

Najua sheria yenu, kwamba gari la wagonjwa halirudishi wazima nyumbani. Ni sheria nzuri na mimi siigusi. Mimi naomba nguzo tu. Lakini nimeuliza kwa Jescah, ameniambia Nabwire atatoka hospitali Jumamosi asubuhi, na kutoka mlango wa wodi mpaka mahali Kibiwott anapoegesha gari ni hatua chache. Ikitokea Jumamosi hiyohiyo analeta nguzo yangu, na ikitokea njiani akakuta mwanamke amebeba mtoto, na nyuma ya gari kuna kitanda kitupu, mtu atajuaje?

Basi mtume Jumamosi. Nguzo isiwe ndefu sana, isije ikambana mtoto. Misumari ninayo.

Mjomba wako,
Patroba Mukhwana